Nondo Anayeunguza Njugu za Mpakani

Shamba la njugu karanga likishavamiwa, ukilitazama kutoka barabarani utadhani moto umelipitia. Majani yamegeuka kahawia, yamejikunja na kukaukia kwenye shina, huku mtama wa jirani ungali kijani. Mwenye shamba atakwambia jua limezidi. Jirani atasema ni ugonjwa. Wa tatu atalaumu mbegu. Lakini chuma jani moja tu, ulifunue kwa ukucha pale lilipokunjwa, nawe utamkuta mhusika: kiwavi mwembamba wa kijani hafifu, kichwa cheusi, urefu wake haufiki sentimita moja, amejilaza ndani ya nyuzi alizozifuma mwenyewe.

Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa rangi ya kijivu, ambaye wakulima wengi wa Tororo na Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, hawajawahi kumtazama kwa makini, hata kama usiku huzunguka taa zao. Katika maandishi mengi ya wataalamu anaitwa Aproaerema modicella, ingawa jina hilo lina mgogoro wake. Kwa Kiswahili tumwite mchimbamajani wa njugu, maana kazi yake ndiyo hiyo. Amekuwapo mashariki mwa Uganda kwa zaidi ya robo karne. Amekula njugu, akahamia na kwenye soya, na hata leo hajulikani vijijini kwa kiasi kinacholingana na hasara anayoleta. Kutojulikana huko ndiko kunakowaumiza wakulima. Asiyemjua mdudu wake hulaumu mbingu, hununua dawa isiyofaa, au hung'oa shamba lililokuwa bado na matumaini.

Tuanze na kilicho hatarini. Nchini Uganda, njugu karanga ndilo zao la pili la jamii ya mikunde kwa umuhimu, likitanguliwa na maharagwe. Mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo ndiko zinakolimwa kwa wingi, kuanzia kwa Wapadhola wa Tororo hadi kwa Wateso wa Kumi, Soroti na Serere. Upande wa Kenya, Wateso wa Amagoro na Amukura, Wasamia na majirani zao wa Busia hulima njugu hizo hizo, mara nyingi kwa mbegu waliyobadilishana na ndugu wa ng'ambo ya mpaka. Karibu nusu ya uzito wa punje ya njugu ni mafuta, na takriban robo ni protini. Katika nyumba ambayo nyama huliwa kwa nadra, njugu iliyopondwa na kupikwa na mboga za majani ndiyo inayomjenga mtoto. Isitoshe, kwa familia nyingi njugu ni zao la mama: yeye hupanda, yeye hupalilia, na pesa zake ndizo zinazonunua daftari na sare za shule.

Habari za mchimbamajani huyu katika Afrika Mashariki ziliingia rasmi kwenye maandishi ya kisayansi kupitia Uganda. Mwaka 1998 alionekana kwenye njugu za wilaya za mashariki. Miaka miwili baadaye, watafiti W. W. Page, G. Epieru, F. M. Kimmins, C. Busolo-Bulafu na P. W. Nalyongo wakachapisha taarifa fupi katika jarida la kimataifa la njugu, wakimtangaza kuwa ni mdudu mpya wa wilaya hizo. Katika miaka michache iliyofuata akatajwa Malawi, Msumbiji, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Afrika Kusini. Kwa mdudu ambaye hadi hapo alifahamika zaidi kama balaa la India na nchi nyingine za Asia, hiyo ilikuwa kasi ya kushangaza.

Ili kumwelewa, sharti umfuate tangu yai. Jike hutaga mayai madogo mno, moja moja, zaidi upande wa chini wa jani na kwenye vikonyo, na katika maisha yake mafupi anaweza kutaga zaidi ya mia moja. Baada ya siku tatu au nne yai huanguliwa. Kiwavi anayetoka ni mdogo kiasi kwamba hahitaji nafasi yoyote zaidi ya unene wa jani: hutoboa ngozi ya jani na kuingia katikati, akala nyama laini iliyo kati ya ngozi ya juu na ya chini. Kwa nje utaona alama ndogo ya kahawia, aghalabu karibu na mshipa mkuu wa jani, kama doa la ugonjwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Doa la ukungu ni kavu na tupu. Doa la mchimbamajani, ukilielekeza kwenye mwangaza wa jua, linaonyesha kivuli cha mdudu aliye ndani.

Siku chache baadaye shimo hilo humbana. Hutoka nje, na sasa huanza kazi ya pili ambayo ndiyo inayolipa shamba sura ya kuungua. Jani la njugu limegawanyika vipande vinne kwenye kikonyo kimoja. Kiwavi hulikunja kipande kimoja au hukivuta kikutane na jirani yake, akaviunganisha kwa nyuzi zake, kisha akala akiwa amejificha humo. Kwenye soya, ambayo jani lake lina vipande vitatu, hufanya vivyo hivyo. Majani yaliyoshonwa hukauka, na mmea hupoteza jiko lake. Akishashiba hugeuka pupa humo humo ndani ya mkunjo. Baada ya siku zipatazo tatu hadi saba hutoka nondo wa kijivu chenye kahawia, mdogo kuliko punje ya wali, mwenye doa jeupe kwenye ukingo wa kila bawa la mbele.

Sasa hebu tupige hesabu. Katika joto la nchi hizi, safari yote kutoka yai hadi nondo huchukua wiki tatu hadi nne hivi. Njugu za aina nyingi hukomaa kwa siku 90 hadi 110. Maana yake ni kwamba msimu mmoja unatosha vizazi vitatu au zaidi kupishana juu ya mimea ile ile. Kizazi cha kwanza ni wachache na hakuna anayewaona. Cha pili huonekana kama madoa hapa na pale. Cha tatu ndicho kinachokuja wakati mmea unajaza punje, nacho ndicho kinachomfanya mkulima apige kelele. Kelele hiyo huwa imechelewa kwa mwezi mzima.

Kuna sababu ya msingi inayofanya watu wamsingizie jua: mdudu huyu na ukame huandamana. Mvua kubwa humuua au kumpunguza sana. Kiangazi kinapokatiza msimu, joto linapopanda na mimea ikalegea, ndipo huongezeka kwa kasi. Mwaka wa mvua nzuri anaweza kupita bila kuacha alama yoyote ya kukumbukwa. Mwaka unaofuata, mvua ikikatika kwa wiki tatu, hulipuka. Kwa hiyo mkulima anayesema jua limeunguza njugu hajakosea kabisa. Jua limefungua mlango, na mdudu ndiye aliyeingia. Katika ukame mkali, hasara iliyowahi kuripotiwa imefikia shamba zima.

Njugu huathirika kuliko mimea mingine mingi kwa sababu ya namna inavyozaa. Ua lake huchanua juu ya ardhi, likishachavushwa hutoa kijiti kinachoinama na kujichomeka kwenye udongo, na ganda hukua chini gizani. Kila punje iliyo chini hutegemea chakula kinachotengenezwa na majani yaliyo juu. Majani yakifa katika wiki za kujaza punje, utang'oa mmea wenye maganda ya kutosha, lakini ukiyabonyeza yanalia matupu. Wanawake wanaochambua njugu kibarazani huyajua vizuri maganda hayo. Yana sura ya mavuno, na ndani hakuna kitu.

Kwa miaka mingi mchimbamajani alihesabiwa kuwa ni shida ya njugu tu, na hata hapo alikaa nyuma ya ugonjwa wa rozeti unaosambazwa na vidukari. Katika muongo wa 2010 mambo yakabadilika: mashamba ya soya ya mashariki na kaskazini mwa Uganda yakaanza kushambuliwa vibaya. Hili lilikuwa pigo mahali penye jeraha ambalo lilikuwa linapona. Soya ya Uganda ilikuwa imekaribia kuangamizwa na kutu ya majani iliyozuka nchini humo mwaka 1996, na ilichukua miaka ya kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, kuzalisha aina zinazostahimili kutu hiyo. Ya kwanza katika mfululizo wake, Maksoy 1N, ilitolewa mwaka 2004, zikafuata nyingine zikiwemo Maksoy 3N, ambayo wakulima waliipenda. Soya ikarudi. Ikarudi na kumkuta mgeni mwingine akiisubiri.

Watafiti wa Makerere wakageukia mdudu. Walipanda aina mbalimbali za soya katika maeneo anakojulikana kushambulia kwa nguvu, kama Iki-Iki wilayani Budaka, mwendo mfupi kutoka Tororo, na kulinganisha jinsi kila aina inavyostahimili. Mwaka 2018 Caleb Ibanda na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha jambo linalostahili kusikilizwa na kila muuza mbegu: ustahimilivu wa soya dhidi ya mchimbamajani huathiriwa na mazingira ya mahali. Aina inayofanya vizuri wilaya moja haina hakika ya kufanya hivyo katika nyingine. Kwa lugha ya shambani, usipande kwa kusikia redio tu. Panda mstari mmoja wa majaribio kwanza, uone kwa macho yako.

Na je, huyu nondo ni nani hasa? Swali hili halina uzito wa kitabuni peke yake, kwa kuwa ukitaka kumletea mdudu adui wake wa asili, lazima ujue kwao ni wapi. Jina modicella alipewa na Van Deventer mwaka 1904, kutokana na nondo wa Java. Wakati Uganda ilipotangaza mdudu wake, ilidhaniwa kwamba ndiye yule wa Asia aliyevuka bahari. Mwaka 2012, N. M. Buthelezi, D. E. Conlong na G. E. Zharare walichunguza vinasaba vya nondo waliokusanywa Afrika Kusini, wakakuta vinaoana na vya nondo wa soya wa Australia, Aproaerema simplexella, aliyepewa jina na Walker mwaka 1864. Watu wa nchi mbili walikuwa wakipigana na mdudu mmoja kwa majina mawili.

Hata hapo mambo hayakuishia. Wataalamu wa uainishaji siku hizi wanaelekea kumweka chini ya jina la zamani zaidi, Bilobata subsecivella, ambalo asili yake ni Mjerumani Philipp Christoph Zeller mwaka 1852. Mwaka huo Zeller alichapisha kazi kuhusu nondo wadogo waliokusanywa kusini mwa Afrika na Msweden Johan August Wahlberg. Kama nondo wa Asia, wa Australia na wa Afrika ni mmoja, basi si lazima tuamini kwamba aliingia bara hili mwaka 1998. Yawezekana alikuwapo muda mrefu akiishi kwenye mikunde ya porini, mpaka kitu fulani, labda ukame wa mara kwa mara au mashamba yaliyoongezeka, kikampa nafasi. Njugu karanga na soya zote mbili ni wageni Afrika. Moja ilitoka Amerika Kusini, nyingine Asia Mashariki. Huenda katika habari hii mgeni ni mmea, na mwenyeji ni mdudu.

Linganisha sasa ukimya unaomzunguka mchimbamajani na kelele za wadudu wengine. Viwavijeshi vamizi wa mahindi waliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na kufikia 2017 Kenya na Uganda zilikuwa zimethibitisha kuwapo kwao. Mawaziri walizungumza, wafadhili walitoa fedha, na hata mtoto wa shule aliweza kukutajia alama iliyo kwenye paji la kiwavi yule. Tuta absoluta wa nyanya, ambaye ni wa ukoo mmoja na mchimbamajani wetu na ambaye pia huchimba majani, alifika Kenya na Tanzania mwaka 2014, na wakulima wa Tanzania wakampa jina la Kantangaze. Mahindi ni ugali wa taifa, nyanya ni biashara ya mjini. Njugu za mama wa Tororo hazina msemaji bungeni. Hii ndiyo sababu ya ukimya, na si kwamba hasara ni ndogo.

Mpaka wa Kenya na Uganda unaonyesha ukimya huo kwa uwazi. Mji wa Busia umekatwa vipande viwili na mstari, lakini watu wake wanaishi kama mji mmoja. Tangu Februari 2018, marais wa nchi mbili walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, magari na mizigo hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Malori yenye soya ya Uganda hupita Busia na Malaba kuelekea viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya. Wanawake huvuka na njugu kichwani na kwenye baiskeli. Maofisa wa afya ya mimea wa pande zote mbili hutazama magunia hayo, na wanafanya vyema, kwa kuwa sumukuvu na wadudu wa ghalani ni hatari ya kweli.

Ila mchimbamajani hayumo ndani ya gunia. Yeye hukaa kwenye jani tangu yai hadi pupa. Punje iliyokaushwa na kupepetwa si makazi yake. Kinachombeba ni majani mabichi na mabua ya njugu yanayokusanywa kulisha mbuzi na ng'ombe, pamoja na mabawa yake mwenyewe. Sehemu ya mpaka huu inafuata Mto Malaba na Mto Sio, na kwingine shamba la Mganda na la Mkenya yanatenganishwa na njia ya miguu. Hakuna ukaguzi wa lango utakaomzuia mdudu wa aina hiyo. Kinachoweza kumdhibiti ni macho ya watu walioko mashambani, pande zote mbili, wakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuambiana.

Kwa mkulima, kazi ya kwanza ni kuhesabu. Kuanzia wiki ya tatu baada ya njugu kuchipua, pita shambani mara moja kwa wiki. Chagua mimea kama ishirini iliyotawanyika, usichague ya pembezoni pekee. Funua majani yaliyokunjwa na uhesabu viwavi walio hai. Taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT, yenye makao yake makuu Patancheru nchini India, imependekeza viwango ambavyo ni mwongozo mzuri wa kuanzia: viwavi watano kwa mmea katika siku 30 za mwanzo, kumi karibu na siku ya 50, na kumi na watano karibu na siku ya 75. Chini ya hapo, gharama ya dawa inaweza kuzidi faida yake. Juu ya hapo, mwone afisa wa kilimo mapema, usingoje shamba libadilike rangi.

Kazi ya pili ni kalenda. Panda mara mvua zinapoanza kunyesha vizuri, usingoje majirani wote wamalize. Njugu iliyotangulia huwa imevuka hatua zake dhaifu kabla kiangazi hakijaingia na kabla vizazi vya nondo havijajazana. Shamba linalochelewa kwa wiki tatu hupokea nondo wote waliozaliwa katika mashamba yaliyotangulia. Kwa sababu hiyo, kikundi cha kijiji kikikubaliana kupanda ndani ya wiki moja, kinajikinga zaidi kuliko mtu mmoja mwenye bomba la dawa.

Kazi ya tatu ni mzunguko wa mazao. Wengi hudhani kwamba kupanda soya baada ya njugu ni kubadilisha zao. Kwa udongo huenda ni kweli kidogo, lakini kwa mchimbamajani ni kumwandalia chakula cha pili. Mbaazi na majani ya lusani pia humlisha. Mzunguko unaomnyima chakula ni ule wa nafaka: wimbi, mtama au mahindi, ambavyo watu wa Teso na Padhola wanavijua tangu zamani. Njugu na soya zinazojiotea baada ya mavuno zing'olewe, kwa kuwa ndizo daraja analopitia kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Na mabua yenye majani yaliyokunjwa yalishwe mifugo papo hapo. Kuyarundika kando ya shamba jipya ni kupanda nondo pamoja na mbegu.

Matandazo nayo yanasaidia. Majaribio ya India yaliona mchimbamajani akipungua pale njugu zilipowekewa majani makavu ya mpunga. Tororo imepakana na Butaleja, yenye mashamba ya mpunga ya Doho, ambako majani ya mpunga yapo kwa wingi baada ya mavuno. Matandazo hutunza unyevu, na unyevu ni silaha dhidi ya mdudu anayependa mmea wenye kiu. Jambo hili linaweza kujaribiwa na kikundi chochote kwenye nusu ya shamba, nusu nyingine ikiachwa kwa kulinganisha.

Sasa nizungumze wazi kuhusu dawa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kiwavi aliye ndani ya jani au ndani ya mkunjo amejifunika. Dawa inayoua kwa kugusa tu itamwagika juu ya paa lake. Itakaowaua ni nyigu wadogo na buibui waliokuwa wakimwinda. Ukilazimika kupuliza, uliza dawa inayoingia ndani ya mmea, iliyosajiliwa kwa njugu au soya katika nchi yako, uitumie kwa kipimo kilichoandikwa, na uheshimu siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna. Vaa glavu na barakoa. Usipulize asubuhi nyuki wanapotembelea maua. Usimkabidhi mtoto bomba. Na usinunue chupa isiyo na lebo kwa sababu tu ilivuka mpaka kwa bei nafuu.

Nyigu hao ninaowataja ndio tumaini la muda mrefu. Wanataga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao humla kutoka ndani. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umewakuta wakishambulia mchimbamajani. Mwaka 2006 Marc Kenis na Domingos Cugala waliandika makala wakichambua uwezekano wa kumdhibiti mdudu huyu barani Afrika kwa maadui wake wa asili. Bara hili lina ushahidi kwamba njia hiyo hufanya kazi. Katika miaka ya 1980, kidung'ata wa muhogo alikuwa akiangamiza chakula cha mamilioni. Nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay, akaachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingi, na muhogo ukapona bila mkulima kununua tone la dawa. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo na baadaye akaongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Uwezo wa kufanya hivyo kwa njugu na soya uko karibu nasi. Serere ipo taasisi ya taifa ya Uganda inayotafiti mazao ya maeneo makavu, ambayo aina za njugu za Serenut zilitoka kwake. Makerere ina wazalishaji wa soya. Upande wa Kenya, shirika la utafiti la KALRO lina kituo Alupe, hapo hapo Busia. Icipe iko Nairobi. Nchi zote mbili zina kliniki za mimea ambako mkulima huleta jani lenye shida sokoni na kupata ushauri bila malipo. Umbali kati ya Alupe na Tororo ni safari ya asubuhi moja. Kilichokosekana ni kazi ya pamoja juu ya mdudu mmoja.

Ningependa kuona mambo matatu. La kwanza, serikali za kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zimtaje mchimbamajani kwa jina katika mafunzo ya maofisa wa ugani, kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kipadhola, pamoja na picha ya jani lililofunuliwa. La pili, mitego yenye harufu ya jike, ambayo imetumika India na Afrika Kusini kufuatilia nondo hawa, iwekwe pande zote mbili za mpaka, na hesabu zake zisomwe redioni kama zinavyosomwa bei za mahindi. La tatu, mbegu zinazopita mpakani zijaribiwe pande zote mbili kabla ya kusifiwa, maana tumeona mazingira yanavyobadilisha ustahimilivu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ndege wala mkopo mkubwa. Nondo huyu hashindwi kwa hofu wala kwa dawa ya kubahatisha. Hushindwa na mkulima anayepanda mapema, anayezungusha njugu na nafaka, na anayefunua majani kila wiki. Nawe msomaji, ukiwa na shamba la njugu Tororo, Busia au popote penye mikunde, usingoje afisa akufikie. Kesho asubuhi ingia shambani, tafuta jani lililokunjwa, ulifunue. Ukimkuta kiwavi mwenye kichwa cheusi, lipeleke jani hilo kwenye ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe, kisha mwambie jirani yako aliye ng'ambo ya mpaka afunue majani yake pia.